Usiache MBChB ukimbilie ukuruta

Wewe unayeuliza kama uiache nafasi ya MBChB (digrii ya udaktari) pale UoN, Chuo Kikuu cha Nairobi, uingie KDF, jeshi la Kenya, kama kuruta kwa sababu "jeshi litanisomesha udaktari bure": hapana. Tena hapana. Nani amekudanganya? Wacha nikisie: mjomba mstaafu, au jamaa wa saiba anayepiga chapa barua za kazi na kugawa ushauri kama njugu. Aliyenidanganya mimi bado namwona akinywa chai yake kwa amani. Yaliyofuata siyasimulii, presha imeshatulia.

Sikiza. Kuruta anapelekwa Eldoret, anafunzwa kuwa mwanajeshi, kisha anapangiwa kikosi. A- yako ya mtihani wa sekondari haivaliwi begani. Ukitaka kusoma baadaye unaomba ruhusa kwa wakubwa, nao huangalia kwanza mahitaji ya kikosi. Wakikunyima, huwezi kubeba begi ukarudi zako Chiromo, kampasi ya UoN: utoro ni kosa chini ya Sheria ya KDF ya 2012, na unashtakiwa kijeshi. Wakati huo ile nafasi uliyopewa na KUCCPS, wanaopangia wanafunzi vyuo, imeshakuponyoka. Hata ukipewa ruhusa, MBChB ni miaka 6 ya kutwa nzima, anatomia Chiromo halafu wodi za Hospitali ya Kenyatta. Haisomwi jioni ukitoka zamu ya geti, afande.

Piga hesabu ya umri, kwa sababu hapo ndipo watu huzikwa. Ukianza chuo na miaka 18, unamaliza na 24, unafanya mwaka 1 wa intanshipu, unasajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari, ukiwa na 25 au 26. (Wahadhiri wasipogoma. Watagoma.) Ukipotezea kambini miaka mitano kwanza, leseni unaishika ukiwa na 30 na ushee, na matangazo ya jeshi huweka ukomo wa umri.

Usinitajie ukadeti pia. Kadeti wa GSO, yaani anayefunzwa uafisa wa kawaida, hutoka chuo cha kijeshi cha Lanet na digrii ya sayansi ya kijeshi. Peleka hiyo KMPDC uone watakavyokutazama.

Daktari huingia kwa mlango wa afisa mtaalamu. Jeshi hutangaza nafasi kwa watu ambao tayari wana digrii na usajili. Tangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi, unaomba, ukichukuliwa unaenda kufunzwa uafisa. Leseni kwanza, buti baadaye. Wenye diploma za KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, pia, uuguzi au kliniki, wasajiliwe na baraza lao kwanza ndipo wasubiri tangazo la wanajeshi mafundi.

Na mtu akikuambia ana "mkubwa ndani" wa kukupa barua ya kuitwa kwa laki kadhaa, kimbia. Usajili wa jeshi haulipiwi. Vijana hufika Eldoret na barua feki, wanatiwa pingu langoni, na mzazi ameshauza ng'ombe au shamba.

Kama ni karo inayokutisha, sema hivyo. Omba ufadhili na mkopo kwenye tovuti ya HEF, mfuko wa elimu ya juu, leo, kisha beba nakala ya barua ya chuo uende ofisi ya CDF (mfuko wa eneo bunge) na ya wadi uulize basari zinafungwa lini.

Kuripoti chuo ni tarehe gani? Iandike hapa.