Kabla ya Kununua Kitabu cha Historia, Kagua Picha

Mtoto wa miaka 9 au 10 anayemaliza kitabu cha hadithi jioni moja hana subira na historia inayosimuliwa kichekechea. Anataka majina, miaka, nani alipigana na nani na kwa nini. Wazazi wengi wakiona kitabu kina picha nyingi wanadhani ni cha wadogo, wanakirudisha kwenye rafu. Mimi nashauri kinyume: mtoto anayesoma vizuri ndiye hasa anayefaa vitabu vya picha, maana ana uwezo wa kuzihoji.

Nikiwa dukani huanza na ukurasa unaohusu mahali ninapopafahamu. Kwangu ni Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa Waswahili kusini mwa pwani ya Tanzania. Wewe wa Mombasa anza na Fort Jesus. Kuna mchoro wa mji wa Kilwa ambao vitabu vinapenda kuurudia: nyumba zimesongamana, minara imechomoza, bahari iko mbele. Mchoro huo ulichapishwa Köln, Ujerumani, mwaka 1572, miaka 67 baada ya Wareno kuuvamia mji huo. Kitabu kizuri kitakwambia hayo chini ya picha. Kingine kitaandika “Kilwa ya kale” basi, mtoto aamini kwamba hivyo ndivyo mji ulivyokuwa. Binti yangu nilimwekea mchoro huo kando ya picha ya Msikiti Mkuu ulivyo leo, na kuba zake na kuta za mawe ya matumbawe. Akatazama huku na huku, kisha akauliza, “Mama, kwani huyu aliyechora alifika?” Swali hilo silibadilishi na kurasa kumi za kukariri.

Michoro ya kujenga upya magofu nayo ihojiwe. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, limebaki kuta na lile bwawa lake la pembe nane. Mchoraji akiezeka paa na kutandika mazulia, anakisia. Si vibaya kukisia, ila napenda kitabu kinachoweka picha ya magofu ubavuni ili mtoto aone kipi kimesalia na kipi kimeongezwa. Sarafu za shaba za Kilwa pia: zionyeshwe na kipimo, la sivyo mtoto atadhani zilikuwa kubwa kama sahani. Na ramani iwepo! Sarafu yenye jina la sultani huyo ilikutwa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe mbali kabisa barani. Mtoto anapofuata kwa kidole kutoka Kilwa hadi Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, kisha ndani kulikotoka dhahabu, biashara ile inamwingia akilini.

Halafu tazama nani wamechorwa. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, hakosi. Sultani naye hakosi. Je, waliochoma chokaa wako wapi? Waliochonga matumbawe? Wanawake? Kitabu ambacho Waafrika wanatokea wakiwa wamebeba mizigo au wamefungwa minyororo tu, mimi sikinunui. Sisemi utumwa ufichwe. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuambiwa kuhusu soko la watumwa la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873, ila kurasa hizo msome pamoja, usimwachie peke yake usiku.

Kipimo changu kingine ni Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu wa kusini walipopigana na utawala wa Wajerumani. Kitabu kikimchora Kinjekitile, mganga wa vita hivyo, na dawa yake ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi, kisha kisitaje kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kimewafanya watu wale waonekane wajinga. Hicho nakirudisha hata kama rangi zake zinavutia.

Karatasi na jalada havinisumbui sana. Faharasa nazingatia, kwa kuwa mtoto msomaji hurudi kutafuta jina alilolisikia shuleni. Vitabu vya namna hii kwa Kiswahili si vingi, kwa hiyo ukipata cha Kiingereza kichukue, lakini mwombe mtoto aandike mwenyewe maelezo ya picha kwa Kiswahili kwenye karatasi na kuyabandika. Binti yangu ameanza kuandika pia asichokubaliana nacho. Na mkipata nafasi ya kwenda Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua hadi Kisiwani, kitabu kiwemo kwenye mkoba, alinganishe ukurasa na ukuta.