Mhusika wangu anahutubia tu, nifanyeje?

SWALI: Habari dada mhariri, mi naandika riwaya ya binti wa miaka 15 anayejitafuta, sasa wote niliowapa wasome wanasema sura ya mwisho ni hotuba tupu, eti anaongea kama mtu mzima. Nisaidie.

JIBU: Salama mdogo wangu. Hao wasomaji wako wasikilize, wamekutendea wema. Kijana hajijui kwa kujieleza, anajijua pale anapotakiwa akubali kitu halafu mdomo unakataa, na mara nyingi hata yeye mwenyewe anashtuka. Mcheki Jane Eyre kwenye riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847, yatima wa miaka 10, mke wa mjomba anayemlea kamchongea kwa msimamizi wa shule kwamba ni mwongo, na mtoto anamgeukia yule mama anamwambia mimi ningekuwa mwongo ningesema nakupenda, ila sikupendi. Yaani nikifika pale nasisimka kila mara! Afu utamu zaidi uko mbele kidogo, ushindi wenyewe haudumu, muda si mrefu kabaki peke yake na anajutia alichosema.

Kwa hiyo ile hotuba itoe yote. Mpe binti yako kitu kimoja kidogo cha kukataa, tena amkatalie mtu anayempenda au anayemtegemea, maana kumkatalia adui ni rahisi, halafu mwache ahangaike na matokeo. Ana miaka 15, asimalize kila kitu. Ukishaiandika upya nitumie, nataka kuisoma.