Kwa wanaoanza kusoma mashamba ya milimani ya zama za Warumi

Mwanafunzi anayeanza kusoma historia ya Uingereza chini ya Warumi huvutiwa kwanza na majumba ya kusini yenye sakafu za vijiwe vya rangi, au na kambi za askari kando ya Ukuta wa Hadrian, ulioanza kujengwa mwaka 122. Akipanda vilima vya Cumbria na Northumberland, kaskazini mwa England, hukuta misingi ya nyumba za mviringo na vigae vichache vya vyungu, kisha huhitimisha haraka kwamba Roma haikuwagusa watu wa huko. Kutokana na miaka niliyofanya kazi hii, nakusihi usikimbilie hitimisho hilo. Linatokana na kuutafuta utawala katika vitu vilivyoingia shambani, ilhali mkulima wa milimani aliujua zaidi kwa vitu vilivyotoka.

Anza na mifugo. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia jinsi Wafrisi, waliokaa ng'ambo ya mto Rhine, walivyotozwa ngozi za ng'ombe kwa matumizi ya jeshi, mpaka afisa mmoja alipodai ngozi za ukubwa wa ng'ombe mwitu. Ng'ombe wao wa kufugwa walikuwa wadogo, wakapoteza mifugo, kisha mashamba, kisha wake na watoto, na mwaka 28 wakaasi. Kuhusu Uingereza yenyewe anaeleza kwamba wakulima waliamriwa kupeleka nafaka kwenye kambi za mbali ilhali kulikuwa na kambi jirani, ili wenye tamaa wajipatie faida. Sasa zingatia kwamba udongo wa vilima hivi una tindikali inayomaliza mifupa. Ng'ombe aliyetolewa hakuacha alama, na hata yule aliyechinjwa na kuliwa palepale mara nyingi hakuacha kitu. Uchache wa mifupa katika ripoti ya uchimbaji, kwa hiyo, si ushahidi wa uchache wa mifugo.

Ndiyo maana nasisitiza usome ramani ya makazi kwa utulivu kabla ya kufungua orodha ya vitu vilivyopatikana. George Jobey, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyapima makazi ya Northumberland, alionyesha mpangilio unaojirudia: ukuta wa mawe unazunguka eneo dogo, nyumba zimesimama upande wa nyuma, na kati ya mlango na nyumba pana njia iliyoinuka, yenye nyua mbili zilizochimbwa chini kidogo na kutandazwa mawe. Simama mlangoni uitazame njia hiyo. Aliyetaka kufika nyumbani alipita katikati ya nyua hizo, ambazo yumkini ndizo zilizokuwa mazizi. Mifugo ililala mbele ya macho ya wenyewe, sakafu ya mawe ikizuia kwato zisigeuze ua kuwa tope. Mpangilio wa namna hiyo unakueleza kilichothaminiwa kuliko kigae chochote.

Tazama pia barabara. Katika kijiji cha kale cha Ewe Close huko Cumbria, karibu na Crosby Ravensworth, ambako mwanaakiolojia W. G. Collingwood alichimba mwaka 1907 na 1908, barabara ya Kirumi inayoelekea kambi ya Brougham inapinda na kupita jirani kabisa na kijiji. Wajenzi wa Kirumi hawakupenda kupinda bila sababu, na maelezo yanayoniridhisha ni kwamba kijiji kilikuwapo tayari, nao walikuwa na haja nacho.

Vigae navyo vina kazi yake, ila usivipe mzigo visivyoweza kuubeba. Bakuli jekundu linalong'aa lililoletwa kutoka Gaul, yaani Ufaransa ya leo, lingeweza kutunzwa kwa miaka mingi. Mengine yalitobolewa na kuungwa kwa risasi yalipovunjika, na vipande vingine vikachongwa kuwa vizito vya pia za kusokotea sufu. Mwaka wa kutengenezwa kwa bakuli si mwaka wa kutupwa kwake. Ukipata mbegu za shayiri zilizoungua, zithamini zaidi, kwa kuwa zinaweza kupimwa umri kwa kaboni, nazo pamoja na vijaa vya kusagia hukuonyesha kwamba watu wa vilimani walilima pia.

Kuhusu kazi ya uwandani, nenda majira ya baridi, asubuhi au jioni, jua linapokuwa chini na kila tuta la shamba la kale linatupa kivuli. Kabla ya hapo pitia picha za vipimo vya leza vilivyochukuliwa kwa ndege, ambazo kwa sehemu kubwa ya England zinapatikana bure. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, funga kila lango unalopita, na usisogeze jiwe hata moja. Mengi ya makazi haya yanalindwa na sheria ya mwaka 1979, na kutumia kifaa cha kutambua metali katika eneo lililolindwa bila kibali ni kosa la jinai.