Maswali ya Waigizaji: Machozi, Tabasamu na Hasira Isiyotoka

Nacheza mama aliyefiwa na mtoto. Nikiukumbuka msiba wetu wa nyumbani, leo machozi yanakuja, kesho yamekauka. Nifanyeje? (Mbale)

Pole sana, ndugu yangu. Uache msiba wenu upumzike. Hata Stanislavski wa Urusi, aliyewafundisha waigizaji kuchimba kumbukumbu zao, miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki 1938 alitilia mkazo vitendo: fanya anachofanya mhusika, hisia itafuata. Basi huyo mama anafanya nini? Mpe shati la mtoto alikunje. Nilimwona binti mmoja mazoezini, kifungo kikakataa kuingia tunduni. Akajaribu tena, na tena, mabega yakapanda, pumzi ikabaki juu kifuani, sauti ikamkatika kabla hajafika kwenye maneno yake. Hakuwa amekumbuka msiba wowote.

Nawe uko Mbale! Kijana wa imbalu, jando la Wagisu, huzunguka kwa jamaa zake akicheza ngoma ya kadodi, njuga mapajani, siku kadhaa kabla ya kisu. Ushujaa anaupata miguuni.

Ni kweli ukitabasamu kwa makusudi unafurahi? (Gulu)

Kidogo tu. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika tangu 1884 kwamba tunahuzunika kwa sababu tunalia, na ubishi haujaisha. Utafiti uliotoka 2022, wa watu zaidi ya 3,800 katika nchi 19, ulikuta kuigiza tabasamu kunaongeza furaha, ila kwa kiasi kidogo. Usitegemee mdomo peke yake, mwili mzima ufanye kazi.

Nacheza baba anayepiga. Usiku nikirudi kwa boda moyo bado unadunda, na nawakaripia wanangu. Mhusika ameniingia? (Jinja)

Hapana, ni mwili wako. Ukikunja ngumi na kufoka nusu saa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, taya hukaza. Wewe unajua ni igizo, damu haina habari. Kuvua kofia ya mhusika hakutoshi.

Kabla hujapanda boda, tikisa mikono, legeza taya, tembea mwendo wako wa kila siku. Vuta pumzi, kisha itoe taratibu kwa muda mrefu zaidi, kama unapuliza chai ya moto. Mapigo hushuka pale unapotoa pumzi. Yule uliyempiga jukwaani muite kwa jina lake la nyumbani, mpeane mikono. Inaniuma kuona vikundi vyetu vinapasha mwili moto kabla ya onyesho, halafu taa zikizimwa kila mtu anakimbilia usafiri. Mwambie mwongozaji wenu atenge dakika kumi za kupoa. Wanao wasilipie igizo.

Mimi ni mfupi, nimepewa nafasi ya mfalme. (Kampala)

Punguza mwendo, visigino vikanyage sakafu yote, na ukiitwa usigeuke haraka. Kaa pumzi moja, kisha geuza kifua pamoja na kichwa. Anza mazoezi peku.