Umekwisha Kumwambia Mwenyewe? Majibu kwa Wasomaji Wanaoongoza Watu Kazini

Barua za safari hii zimekuwa nyingi, na nusu yake nimeziweka kando kwa sababu hazisemi ni kazi gani, ni watu wangapi, wala ni kitu gani hasa kilichoharibika. Anayeandika kwamba wafanyakazi wake hawana ari, kisha akaishia hapo, hajauliza swali, amenung'unika tu. Nilizozichagua zina maelezo ya kutosha, na wasomaji wa zamani watatambua kwamba karibu zote zinanirudisha kwenye lile nisilochoka kulisema: wakubwa wetu wa kazi wako radhi kuitisha vikao vitatu kuliko kumwita mtu mmoja pembeni na kumweleza kosa lake.

Mimi ni msimamizi wa mapokezi katika hoteli moja ya Paje. Wafanyakazi wanachelewa zamu ya asubuhi. Nimesema kwenye kikao, nimeandika kwenye kundi la WhatsApp, nimebandika tangazo, na hawabadiliki. Nifanye nini zaidi?

Hukusema wanaochelewa ni wangapi, na hilo ndilo la kwanza kulijua. Ikiwa ni wawili kati ya tisa, basi katika kikao chako umewakaripia saba wasio na kosa, na wale wawili wamekaa nyuma wakiamini kuwa wanasemwa wenzao. Kundi la WhatsApp ni baya zaidi, kwa sababu karipio la mdomo husahauliwa, lakini la maandishi hupigwa picha na kusambazwa, na jioni ile ile limekwisha kufika kwa watu ambao hawajapata hata kuingia katika hoteli yenu. Fungua daftari la mahudhurio, andika siku na saa za kila mchelewaji, kisha mwite mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Muulize sababu kabla ya kutoa onyo. Zamu inayoanza saa 12 asubuhi kwa mtu anayelala Mjini Unguja ni suala la gari kabla ya kuwa suala la tabia, na mpangaji wa zamu ni wewe. Mkishakubaliana, andikeni mistari miwili, tieni tarehe na saini. Akirudia, mkumbushe siku hiyo hiyo. Usimwekee makosa ya miezi mitatu ukaja kumsomea yote kwa mpigo msimu wa wageni ukiisha. Na kama wewe mwenyewe hufika saa 3, daftari hilo lianze na jina lako.

Kikundi chetu cha wakulima wa mwani, Micheweni, Pemba, kina akina mama 20. Wanaofanya kazi hawazidi 8, lakini fedha tunagawana sawa. Nikisema naambiwa nina roho mbaya. Mwenyekiti.

Bi Mwenyekiti, huna roho mbaya, ila kikundi kina mpango mbaya. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba mmoja mmoja na kisha kwa pamoja, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913: katika kundi la watu 8, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Sehemu ya upungufu ule ilitokana na kuvuta bila ya kwenda pamoja, na watafiti waliofuata wakaonyesha kuwa sehemu nyengine hutokana na mtu kulegea anapojua kwamba kazi yake haitaonekana. Hao walikuwa wanaume wa Kifaransa wasiogawana hata senti, kwa hivyo msidhani kuwa uvivu ni maradhi ya Pemba.

Dawa ni kuifanya kazi ya kila mmoja ionekane. Gaweni shamba kwa kamba. Kila mwanachama awe na safu zake zenye alama kwenye mambo, yaani vijiti vya kufungia kamba, azifunge mwenyewe, azitembelee kila bamvua, maji yanapokupwa sana, na mwani wake upimwe peke yake kabla ya kuchanganywa na wa wenzake. Zile kazi zisizogawanyika, kama kuanika na kulinda mvua isiharibu, ziwekewe zamu na daftari. Mgao uwe na mafungu mawili: fungu la kikundi, mnaligawa sawa kama mlivyozoea, na fungu la kilo, ambalo kila mtu hupata kwa kadiri ya alichovuna. Mzee au mgonjwa asaidiwe kwa fungu la kwanza, na asaidiwe kwa uwazi, kwa uamuzi uliopitishwa na kuandikwa. Ninachokuonya nacho ni hiki: usiuanze utaratibu huu siku ya kugawana fedha. Upelekeni kwenye mkutano mwanzoni mwa upandaji, kabla mtu hajajua nani atapata nini. Na mshika fedha asiwe ndugu yako, hata akiwa mwaminifu kuliko wote.

Je, semina ya kuwapa motisha wafanyakazi inasaidia?

Inamsaidia mtoa semina. Walipeni kwa wakati kwanza.

Nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa skuli huko Wete. Chini yangu yuko mwalimu aliyenisomesha. Hasahihishi madaftari ya wanafunzi, nami naona haya kumwambia. Nimemtuma msaidizi wangu, na sasa mwalimu amenuna.

Amenuna kwa haki. Ulichokiita haya yeye amekiona dharau, maana mtu aliyekufundisha kusoma umempelekea maneno kwa mkono wa kijana mwengine. Heshima ya mkubwa haimzuii mdogo kusema. Inamfundisha namna ya kusema. Mfuate wewe, usimwite ofisini. Msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia, muombe radhi kwa kumtuma mtu, kisha mwambie bila kuzungusha: "Mwalimu, madaftari ya darasa la sita hayajasahihishwa tangu skuli zilipofunguliwa, na wazazi wameniuliza." Nyamaza umsikilize. Huenda macho yamepungua nguvu, huenda darasa lina watoto wengi kupita kiasi, na yote mawili yana tiba ambayo wewe kama mkuu unaweza kuitafuta. Mkubaliane idadi ya madaftari kwa wiki. Kisha mpe kazi inayolingana na umri wake, kama kuwalea walimu wapya. Lakini usimpe kazi hiyo ili kukwepa ile ya madaftari, kwani wenzake watatambua mara moja na utakuwa umewafundisha kwamba mzembe hupandishwa.

Mimi ni mkuu wa kitengo katika ofisi ya Mjini yenye watu 11. Ukitokea msiba ofisi nzima huenda mazikoni, na wananchi hukuta dirisha limefungwa. Nikiwazuia nitaitwa katili.

Usiwazuie. Mkumbuke tu kuwa kumzika maiti ni faradhi ya kifaya: wakitekeleza baadhi, wengine wameondokewa na lawama. Wekeni zamu ya kubaki, watu wawili kila mwezi, wajulikane kabla ya msiba wowote kutokea, na waliobaki waende kutoa mkono wa pole baada ya saa za kazi. Marehemu akiwa jamaa wa mwenye zamu, anabadilishana na mwenziwe. Hata hivyo, uchunguze vizuri, kwa kuwa naona mara nyingi tatizo si maziko yenyewe. Maiti huzikwa baada ya sala ya adhuhuri, na mtu huonekana ofisini kesho yake saa 4. Huyo msiba wake ulikwisha makaburini. Mwite peke yake.

Katika hoteli ninayoisimamia, wafanyakazi kutoka Bara na wenyeji hawaelewani. Tufanye kikao cha umoja?

Chunguza bakshishi kwanza. Ni nani anayezipokea, zinawekwa wapi, zinagawanywa na nani, na mpishi na mfua nguo wanapata nini? Kisha tazama orodha ya zamu uone ni nani anayepewa usiku kila mara na ni nani anayepata likizo ya Idi au ya Krismasi. Ugomvi mwingi unaovishwa nguo ya asili ya mtu huwa umezaliwa katika fedha na zamu zilizogawanywa gizani. Ukizibandika hesabu hizo ukutani na watu bado wakatukanana, hapo una kosa la nidhamu la mtu mwenye jina, na namna ya kulishughulikia nimekwisha kuieleza hapo juu.

Jikoni kwangu, Kiwengwa, kila kitu kikiharibika hakuna aliyefanya. Samaki ameoza, hakuna aliyezima friji.

Ulimfanya nini wa mwisho aliyekiri? Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza vikundi vya wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990 akitarajia kuona vikundi bora vikikosea dawa mara chache zaidi. Hesabu zikatoka kinyume: vilivyoongozwa vizuri ndivyo vilivyoripoti makosa mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Tenganisha aliyekosea akasema na aliyekosea akaficha, na adhabu kubwa iwe ya wa pili. Ukiwakata wote mshahara kwa samaki mmoja, kesho hata moto ukiwaka utaambiwa ni moshi wa jirani.

Watu 12 wote huniuliza mimi kila jambo. Nimechoka.

Watu 12 wana njia 66 za kuzungumza wawili wawili. Wakiwa 6 zinabaki 15. Wagawe makundi mawili, kila moja na kiongozi mwenye mamlaka ya kuamua, na ukiulizwa lililo lake, mrudishe muulizaji kwake.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam ameniambia nimfukuze mfanyakazi wa duka langu, Darajani, kwa mujibu wa sheria ya ajira ya mwaka 2004. Je, ni sawa?

Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kuona uzito kulirudia. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Sheria ya 2004 ni ya Tanzania Bara. Ya kwetu Zanzibar ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Isome, au umlipe anayeijua, kabla ya kuandika barua yoyote. Halafu hukusema mfanyakazi huyo amefanya nini, wala kama umewahi kumpa onyo kwa maandishi. Kama hujawahi, sitakusaidia kumfukuza wiki hii.