Dogo, usipulizie kitakasa mikono juu ya glavu

Unaanza fildi ya hospitali, mazoezi ya wodini, wiki ijayo, unauliza boksi la glavu linapatikana wapi kwa bei nafuu, saizi gani, na eti ukipulizia kitakasa mikono juu ya glavu unaweza kuhama kitanda hadi kitanda zisiishe haraka. Hapo chipsi zilinikwama kooni. USITHUBUTU.

Mimi nimeshafanya. Wodi ya upasuaji hapa hapa Dar, Februari, joto lile, feni moja inazunguka kama inadaiwa kodi. Inchaji, yaani msimamizi wa wodi, akanipa jozi mbili za asubuhi nzima: "Pulizia, songa mbele, enzi zetu hata hizo hatukuwa nazo." Nikaona nimepewa ujanja wa mjini. Nikaanza na mzee wa kidonda cha kisukari, kinatoa usaha. Nikafunga bendeji, nikapulizia, nikasugua, huyoo kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya tatu mshono wake mwekundu, unavuja. Hakuna aliyenitaja; wodi ina mikono mingi. Ila mimi nilijua nimetoka wapi kwenda wapi. Na asubuhi ile alikuwa amenimenyea chungwa, ananiita daktari.

Nilipozivua, ncha ya kidole cha shahada ilikuwa inanata kama gundi ya fundi viatu, ina kitundu ambacho sikukiona. Kiganja kimelowa jasho. Nikanusa: usaha ule ule.

Inchaji yule sijamsamehe. Boksi zima lilikuwa kabatini, funguo kazivaa shingoni kama medali! Kaokoa glavu, mama wa watu akaongezewa siku za kulala na sindano za antibayotiki.

Sasa shika hili: mgonjwa mmoja, jozi moja, ukivua safisha mikono. Maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, au kitakasa sekunde 20 hadi 30, kwenye NGOZI. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, kitakasa weka pembeni, nenda bombani. Hata kwa mgonjwa yule yule, ukitoka kwenye kidonda kwenda kwenye kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, vua, safisha, vaa nyingine. Daktari mmoja, Semmelweis, aliwanawisha madaktari wenzake hospitalini Vienna mwaka 1847, glavu hazijaingia hata chumba cha upasuaji, na vifo vya akina mama waliojifungua vikashuka.

Unataka kubana matumizi? Acha kuvaa glavu kupima presha na joto kwenye ngozi isiyo na jeraha, mikono safi inatosha.

Na hizo kucha za kwenye picha yako, dogo, zibandue kabla ya Jumatatu.