Kwa nini ghorofa za George Inn zimechomoza

Umeuliza kama ghorofa za juu za George Inn, nyumba ya wageni ya zamani kule Norton St Philip, Somerset, Uingereza, zinaegemea barabara kwa uzee. Hapana, zilijengwa hivyo makusudi. Chini ni mawe matupu. Juu ni fremu ya mbao, na boriti za sakafu zimepitilizwa nje ya ukuta ili zibebe ukuta wa ghorofa inayofuata. Ndiyo maana kila ghorofa imetokeza kuliko iliyo chini yake. Nyumba ni ya karne ya 14 na 15, ya watawa wa monasteri ya Hinton, walioendesha magulio ya sufu hapo kijijini. Ukifika, tafadhali zunguka hadi uani: ile roshani ya mbao inayoelekea vyumbani ndiyo naipenda kuliko vyote.